Mafunzo ya Imani Kutoka Kibanjani: Jinsi ya Kuyatambua na Kuyatendea Kazi



Mgeni anapofika katika nyumba ya Mhaya hupewa kahawa ya kutafuna kabla hata hajaulizwa shida iliyomleta. Kila aliyewahi kusikiliza mahubiri hapa Bukoba na Muleba anaujua mfano unaotokana na kahawa hiyo. Ndani ya ganda moja mna punje mbili zilizolaliana, na wazee wetu walipofanya udugu wa kuchanjiana damu walitumia punje hizo, kila mmoja akatafuna yake. Mhubiri husema kwamba Wakristo nasi tuwe kama punje hizo. Waamini hutikisa kichwa kukubali. Kisha Jumatatu wawili kati yao hukutana mbele ya baraza la ardhi la kijiji kwa sababu ya mpaka wa kibanja.

Mfano huo si wa uongo. Shida ni kwamba tumeuzoea bila kuudai ufanye kazi yoyote. Ndiyo maana katika toleo hili tunapenda kueleza namna ya kutafuta mafunzo ya imani katika maisha ya kila siku, na hasa namna ya kutofautisha funzo la kweli na funzo la uongo. Jambo hili si dogo. Hapa Kagera mafunzo ya uongo yamewahi kuwaumiza watu, kama tutakavyoona.

YESU ALIFUNDISHA KUTOKANA NA KAZI ZA WATU

Tukifungua Injili ya Mathayo sura ya 13 peke yake tunakutana na mpanzi, magugu, punje ya haradali, chachu ya mama wa nyumbani, hazina shambani, lulu ya mfanyabiashara na wavu wa wavuvi. Waliomsikiliza Yesu walizijua kazi hizo kuliko mtu yeyote. Kama angekosea katika kueleza kazi yenyewe, wangemkosoa pale pale.

Mvuvi wa Bumbire au Goziba akisoma mfano wa wavu hahitaji kufafanuliwa. Anajua kwamba wavu haumchagui samaki ndani ya maji. Hukusanya wote, na kazi ya kuchambua hufanyika baadaye, nchi kavu, kukiwa na mwanga. Kwa hiyo anaelewa haraka kwa nini Bwana hakutupatia sisi kazi ya kuwachambua watu kabla ya wakati.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza: mfano husimama juu ya ukweli wa kazi. Mtu anayetaka kufundisha imani kwa mfano wa kibanja, kwanza aende kibanjani akamuulize mama anayekilima.

FUNZO LA SAMADI

Tuanze na kibanja chenyewe. Wageni wengi wakipita barabara ya Kamachumu au Kanyangereko huona migomba imeshonana, kahawa chini yake na maharage katikati, wakadhani nchi hii ina rutuba ya ajabu. Mkulima anajua sivyo. Mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo kwa karne nyingi imechuja virutubisho vya udongo. Anayetaka kuona udongo wetu wa asili aende rweya, kwenye nyasi nje ya vijiji, ambako mgomba ukipandwa bila matunzo hudumaa.

Rutuba ya kibanja ilitengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi walikata nyasi rweya wakazileta kuwa matandazo, wakabeba samadi kutoka zizini, wakarudisha maganda ya ndizi na majivu ya jikoni. Anayerithi kibanja leo anapokea kazi ya watu ambao wengi wao wamezikwa humo humo. Na akiacha kutia samadi, haichukui miaka mingi kabla mikungu haijaanza kupungua.

Funzo lake ni lipi? Imani yetu nayo ni kibanja tulichokikuta. Wamisionari walifika Kashozi mwaka 1892, na baada yao makatekista wengi wasioandikwa popote walitembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwafundisha babu zetu kuungama waziwazi na kulipa madeni. Nchi hii imemtoa Laurean Rugambwa, aliyekuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, na Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni kuanzia mwaka 1977. Ni urithi mkubwa, lakini kujivunia samadi ya babu hakuivishi mkungu wa mjukuu. Kila kizazi hubeba kikapu chake.

FUNZO LA PANGA

Funzo la pili ni la uchungu kidogo. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulibainika wilayani Muleba. Majani yalikuwa ya manjano na kunyauka, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza na kuwa na rangi ya kahawia. Kaya zilizokuwa zikila matoke kila siku zikaanza kununua unga.

Ugonjwa huu husambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, husambazwa kwa kupanda machipukizi yaliyoambukizwa, na husambazwa kwa panga. Panga linalopunguzia majani mgomba mgonjwa hubeba bakteria hadi mgomba mzima. Kibarua anayefanya kazi katika vibanja vitatu kwa siku moja anaweza kuviambukiza vyote vitatu bila kuwa na ubaya wowote moyoni. Kwa hiyo wataalamu walifundisha mambo yanayowezekana kwa kila kaya: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kuchoma panga kwenye moto au kulisafisha kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kutokuchukua machipukizi mahali penye ugonjwa.

Kila mkulima aliyepitia shida ile anakumbuka kwamba kuficha ndiko kulikoangamiza vijiji. Aliyeona dalili akanyamaza kwa aibu, au kwa kuogopa kukatiwa migomba, aliwaambukiza majirani wa mlima mzima. Hapa tunajifunza kwamba mtu anaweza kumdhuru jirani kwa chombo kile kile anachofanyia kazi halali. Ulimi wa mwenyekiti wa kamati, kalamu ya mtunza hazina, hata nia njema ya msaada wa mfadhili, vyote ni mapanga. Havina budi kupita motoni kabla ya kuhamia kaya nyingine. Kwetu sisi moto huo ni kujichunguza, kuungama, na kukubali kukaguliwa.

Jambo lingine lilijitokeza baadaye. Mwanzoni wakulima waliagizwa kung'oa familia nzima ya mgomba, yaani mama, binti na mjukuu, hata kama ni mmoja tu aliyeonyesha dalili. Kazi hiyo ilikuwa nzito na wengi waliikwepa. Utafiti uliofanyika katika nchi za Maziwa Makuu ukaonyesha kwamba bakteria hawafiki katika kila chipukizi. Ukikata mapema mgomba uliougua peke yake, chini kabisa, na kurudia kila unapoona dalili nyingine, shamba laweza kupona.

FUNZO LA UONGO, NA JINSI LINAVYOUA

Hapa inabidi tusimame. Msomaji mmoja anaweza kusema, basi funzo ni wazi: mtu mgonjwa au mwenye dhambi katika jumuiya akatwe mapema kama mgomba. Sivyo hata kidogo, na hatusemi hivi kwa kubahatisha. Funzo la namna hiyo tulishawahi kulifundishana hapa hapa.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera. Katika miaka iliyofuata karibu kila ukoo ulizika vijana wake. Wapo waliosema ni laana, na wapo waliosema, hata katika nyumba za ibada, kwamba ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi. Maneno hayo hayakumponya hata mtu mmoja. Yalichofanya ni kuwafanya wagonjwa wajifiche, wajane wasitembelewe, na watoto yatima wachekwe shuleni. Ugonjwa ulizidi kusambaa gizani, kama mnyauko uliofichwa.

Maneno hayo hurudi kila msiba unapotokea. Yalisikika baada ya MV Bukoba kuzama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu kufa maji. Yalisikika tena baada ya tetemeko la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi pamoja na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato. Na homa ya Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023, ikaua watu 6, yalikuwepo pia.

Bwana wetu aliulizwa swali hili hili. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Badala ya kuwachambua waliokufa, aliwageuzia swali wale waliokuwa hai: ninyi je, mtatubu? Mara tu baada ya maneno hayo, katika sura hiyo hiyo, anasimulia mfano wa mtini usiozaa, ambao mtunzaji aliomba uachiwe mwaka mmoja zaidi ili aulimie pembeni na kuutilia samadi.

Tuuangalie mpangilio huo. Kwanza Yesu anavunja funzo la uongo linalotokana na msiba. Kisha anatupeleka shambani, penye jembe na samadi. Msiba hautupi ruhusa ya kumtafuta mwenye dhambi. Hutupatia kazi ya kufanya. Ardhi ilitetemeka kwa sababu miamba iliyo chini yake ilisogea, na nyumba nyingi zilianguka kwa sababu kuta zake hazikuwa na nguvu ya kuhimili. Toba inayofaa katika hali hiyo ni pamoja na kujenga upya kwa uimara, na kuanza na nyumba ya mjane.

Mfano mzuri tuliuona tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 waliokolewa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa jinsi alivyojaribu kuwatoa watu akiwa na kasia lake. Hakuuliza waliomo ni waumini wa dini gani wala wamemkosea nini Mungu. Kasia lile lile la kutafutia samaki likawa chombo cha kuokolea.

MASWALI MATATU YA KUPIMA FUNZO

Kutokana na hayo yote, tunapendekeza kamati na jumuiya zipime kila funzo la imani kwa maswali matatu.

1. Je, jambo lenyewe ni la kweli? Mkulima, mvuvi au muuguzi anayelijua atakubali kwamba ndivyo lilivyo?

2. Je, funzo linaanza na nani? Likianza na kosa la jirani, tulitilie shaka. Funzo la kweli humwangukia kwanza anayelitoa.

3. Je, linaishia katika tendo gani linaloonekana, na kabla ya siku gani?

Maswali haya yanafanana na njia ya Ona, Amua, Tenda iliyoanzishwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji miongoni mwa vijana wafanyakazi, na ambayo Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa lote mwaka 1961. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, ni mahali pake hasa, kwa kuwa watu 15 wanaojuana wanaweza kuulizana juma linalofuata: tulichokiamua, tumekifanya?

MFANO WA KUFANYIA MAZOEZI: KIBANJA CHA MJANE

Tuchukue hali inayojulikana kwetu sote. Mume amefariki. Baada ya matanga ukoo unakaa, na wapo wanaosema kibanja ni cha ukoo, hivyo mjane arudi kwao. Jumuiya inakutana Alhamisi kusali nyumbani kwake.

Ona. Nani alikuwa akikitia kibanja samadi miaka yote? Nani alikata matandazo? Kwa kawaida ni huyo huyo mama. Watoto wake wanakula nini endapo ataondoka? Aidha sheria inasemaje? Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, katika shauri lililoanzia wilayani Muleba, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Amua. Maandiko yanamtaja mjane na yatima mara nyingi, na kila mara kwa ajili ya kuwatetea. Lakini tusikimbilie kuwahukumu shemeji zake. Swali la pili linatuuliza sisi: katika jumuiya yetu ni nani ameshika kibanja cha marehemu ndugu yake? Je, yumo ndani ya kamati? Funzo likifika hapo watu hunyamaza, na mara nyingi ukimya huo ndio mwanzo wa toba.

Tenda. Watu wawili wanaoheshimika, mmoja wao akiwa wa ukoo huo, waende kuzungumza na mkuu wa ukoo kabla ya Jumapili. Mmoja amsindikize mama kwenye ofisi ya kijiji kuuliza taratibu. Wanajumuiya wote wapeleke matandazo siku moja, ili kila mtu kijijini aone kwamba mama huyu hayuko peke yake. Hapo punje mbili za kahawa zitakuwa zimepata maana.

KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI WETU

Tunamalizia kwa kurudi kwenye mtini wa Luka 13, kwa sababu unatuhusu sisi tunaofanya kazi za maendeleo. Mwenye shamba alisubiri miaka 3. Wanaoandaa miradi watatabasamu, kwani miradi mingi nayo huwa ya miaka 3, na mwishoni mfadhili huuliza kwa haki: matunda yako wapi?

Tuseme kweli pande zote mbili. Mwenye shamba hakukosea kuuliza. Ardhi ilikuwa yake, na mti ulikuwa unaichosha. Kamati isiyopenda kuulizwa maswali ya namna hiyo ijitazame. Na mtunzaji hakuomba muda mtupu. Alitaja kazi atakayoifanya, alitaja muda wake, akakubali kwamba baada ya hapo mti uweze kukatwa. Kwa hiyo parokia au usharika unapoomba kuongezewa mwaka, useme wazi utalima wapi na utatia samadi gani.

Kwa upande wa wafadhili, tunaomba mkumbuke kwamba mchango wenu kwa kawaida ni samadi, na samadi ikishafukiwa haionekani. Mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambao familia nyingi za mkoa wetu zinaufahamu, ni mfano mzuri. Kaya hupewa mtamba, na ndama jike wa kwanza hupelekwa kaya nyingine. Katika mwaka wa kwanza mgeni huona banda na ng'ombe mmoja tu. Matunda huanza kuonekana baadaye, katika maziwa ya watoto, katika mikungu ya kibanja kilichopata samadi tena, na katika siku ile ambapo kaya iliyopokea inakuwa kaya inayotoa. Siku ya kukabidhi ndama, mpokeaji wa jana husimama mbele ya jirani akiwa mfadhili, na aibu ya kusaidiwa humwondoka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NA KAMATI

Je, ni mfano gani wa imani tunaousikia mara kwa mara hapa kwetu, lakini haujawahi kutubadilisha? Kwa nini?

Panga langu ni lipi, yaani kazi yangu halali inayoweza kumdhuru jirani bila mimi kukusudia? Nani ninayemruhusu kulikagua?

Msiba wa mwisho uliotokea kijijini kwetu tuliuelezaje? Maelezo yetu yalimsaidia au yalimwongezea mzigo aliyefiwa?

Ni mtini gani katika parokia au usharika wetu unaohitaji mwaka mmoja zaidi, na nani ameahidi kubeba samadi?

Tunawaomba makatibu wa kamati waandike majibu ya swali la mwisho katika taarifa zao za robo mwaka, pamoja na jina la kazi na tarehe ya kuimaliza. Mungu awabariki ninyi nyote, mnaolima na mnaotuma samadi kutoka mbali.